Kata ya Kwanza ya Pombe ya Matanga

Quionga, 30 Juni 2025

Leonel,

Salamu sina. Salamu nilikuletea mwenyewe Jumamosi, madumu mawili ya pombe ya mtama, ukaacha ikamwagwa kwenye ndoo.

Anayeandika ni Mwalimu Sualehe wa madrasa, jirani yangu, maana unajua shule mimi niliiona kwa nje. Yeye pombe hata harufu yake haitaki, lakini kuandika anaandika, na nimemwambia asipunguze neno. Ningekutukana kwa Kimakonde ingenoga zaidi, ila hicho hawezi kukiandika, kwa hiyo mshukuru Mungu wako. Simu sitaki. Maneno ya simu mtu anayakana kesho yake. Karatasi hutaikana.

Uliniomba mwenyewe. "Bibi, naweka siku ya kuonja bia hapa baa kwangu Palma, watu wa mtaa watakuja na wageni wa makampuni, nataka pombe yako iwe katikati ya bia zangu ninazopika." Nikawaomba wazee ruhusa ya siku mbili, mimi mjane mwenye kaniki ya matanga mwilini, nikatoka matangani kwa ajili yako. Nikakaa nyuma ya pazia, kwenye makreti, kama inavyompasa mfiwa. Pazia lako lina tundu. Niliona yote.

Niliona ubao wenye vibilauri sita, vidogo kama vya kumnyweshea mtoto dawa ya kikohozi. Cha tangawizi, cha ubuyu, cha mabibo, sijui cha nini na nini, na changu cha sita. Nikaona mtu mzima na miwani yake ananusa kibilauri, anakizungusha, analamba kama paka, anakunja uso, anaandika kwenye karatasi, halafu pombe niliyoihangaikia siku tisa anaimwaga kwenye ndoo nyekundu. Na wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hata hakumeza, alitema!

Lakini hao ni wageni, niwaache na ugeni wao. Wewe! Wewe ulipita na kitambaa begani, unamimina, unacheka, na mdomoni mwako hukutia hata tone.

Na unajua, maana nilikufundisha mimi. Mpishi wa pombe ndiye anayekunywa kata ya kwanza mbele za watu, mpaka chini, waone hakutia kitu. Mpishi akiwa mjane hajavua kaniki, haruhusiwi kuitia pombe mdomoni. Akiionja amechagua kubaki na marehemu, na kaniki haivuliwi tena mpaka azikwe nayo. Ndiyo maana mtu wa damu yake ndiye anayemnywea. Pale damu yangu ilikuwa wewe peke yako. Sasa mtu wa damu akimimina asinywe, amesema nini? Amesema: bibi yangu mchawi.

Benilde, huyu wa karibu na kisima, alikuwa pale mlangoni anauza karanga. Mpaka nafika Quionga habari ilikuwa imeshafika, imekaa, imekula. Leo asubuhi kisimani wanawake wamesogeza ndoo zao mbali na yangu. Afadhali wangenitukana.

Sikiliza vizuri. Tarehe 23 mwezi wa nane tunavunja matanga ya babu yako Germano. Pombe nitapika. Mjukuu aliyebaki huku ni wewe, wengine vita iliwatawanya mpaka Nampula. Utakuja, utakunywa kata ya kwanza mpaka chini, na Benilde nitamweka mbele aone. Wakikuona umekunywa na umesimama, watakunywa. Babu yako ataondoka vizuri, mimi nitavua kaniki, na mwezi wa tisa nitacheza unyago na wenzangu. Usipokunywa wewe, hakuna atakayekunywa.

Zamani nilikuita mume wangu mbele za watu. Talaka yako iko tayari, imebaki kukupa.

Bibi yako,
Domingas

*

Palma, 4 Julai 2025

Bibi Domingas, shikamoo.

Barua imefika kwa gari la samaki la Tuaibo, na inanuka kama ilivyosema.

Bibi, hujui mambo haya. Ile ni siku ya kuonja. Mtu anaonja bia sita, akizimaliza zote ataanguka kabla ya ya nne. Anachukua kidogo, anapima ladha, anaandika, inayobaki anaimwaga. Hata Ulaya kwenye mvinyo wanatema, na hakuna anayemwita mtu mchawi. Yule mwenye miwani ni fundi mkuu wa kambi ya gesi, na pombe yako aliipa alama tisa. Bia yangu ya ubuyu aliipa nne. Nne, Bibi! Mwenye kulalamika nilikuwa mimi.

Na mimi ni mwenye baa. Mwenye baa hanywi akiwa kazini, angekunywa na kila mteja angekuwa wapi? Benilde alikwenda kuuza karanga, akauza na umbea. Hilo ni lake.

Tarehe 23 sitaweza. Nina kundi la watu thelathini kutoka kambini siku hiyo, wameshapanga. Mtafute mwingine wa ukoo anywe, dunia haitaanguka.

Nimekutumia sukari na sabuni.

Mjukuu wako,
Leonel

*

Quionga, 9 Julai 2025

Leonel,

Sukari yako hiyo hapo, imerudi. Sabuni nimeitumia kabla barua haijasomwa, kwa hiyo hiyo umenishinda.

Alama tisa. Niende nazo kisimani? Niwaambie wenzangu, jamani, msisogeze ndoo, mzungu wa kambi ameniandikia tisa? (Mwalimu anasema huenda si mzungu. Awe nani, alimwaga.)

Ulaya wanatema. Sawa, watemeane. Mimi siishi Ulaya, naishi hapa, na hapa mtu akikuachia pombe kwenye kibilauri amekuachia na jina. Mwezi jana walikuwa wamejiandikisha wanawake saba kunisaidia kimea, kuloweka, kuanika, kutwanga. Leo wamebaki wawili, na mmoja ni kiziwi, nadhani bado hajasikia. Mtoto wa Ilda ameharisha, akaja mama yake mlangoni kwangu, akasimama tu, ananiangalia mikono. Mikono hii! Mikono iliyomzalisha yeye!

Unasema nimtafute mwingine wa ukoo. Nani? Nichimbe kaburi?

Na hizo habari za kundi la thelathini nimemuuliza Tuaibo, yeye analeta samaki hapo kwako kila wiki, hakuna aliyemwambia lolote. Unanidanganya, Leonel. Wewe tangu mdogo ukidanganya unataja hesabu. "Nimekula mbili tu, Bibi." Nyuma ya pazia nilikuangalia saa nne nzima. Mtu hanywi kazini, haya. Mbona hata baada ya kufunga, watu wameondoka, mkeo Flávia anafagia, nilikusogezea kata ya mwisho kwa mkono wangu, ukasema "nitakunywa baadaye", ukaenda kuimwaga nyuma ya choo? Ulidhani sikuona? Mimi macho yangu mabovu kwa kutunga sindano tu.

Mama yako alipokufa ulikuwa unatambaa. Nilikuweka mgongoni nikitwanga, nikikoroga, nikichuja. Ulimeaje kama pombe yangu ina kitu? Na usinijibu kwamba mwaka ule wa vita ulinibeba mimi siku mbili porini. Ulinibeba siku mbili. Mimi nilikubeba miaka mitatu na ulikuwa unakojoa.

Tarehe 23. Utakunywa.

Domingas

*

Palma, 15 Julai 2025

Bibi,

Sitakunywa. Siku hiyo wala siku nyingine. Siwezi kusema zaidi, na barua zako zinasomwa na kinywa kisicho chako, kwa hiyo usiniulize.

Pombe ya nyuma ya choo, ndiyo, niliimwaga mimi. Umeridhika?

Hao wanaosogeza ndoo, huenda hawaogopi uchawi. Huenda wamechoka na mdomo wako tu. Babu alichoka nao miaka arobaini, akakaa kimya mpaka kufa.

Leonel

*

Quionga, 18 Julai 2025

Kwa mwenye baa wa Palma.

Nimesikia. Unaiogopa pombe yangu. Ungesema tangu mwanzo, nisingepoteza wino wa mtu. Wengine wananong'ona kwamba Domingas amemla mumewe, na kumbe wa kwanza kuamini yuko nyumbani mwangu, nilimkuza mwenyewe.

Babu yako alikaa kimya kwa sababu alikuwa akinicheka, na mtu hawezi kucheka na kusema kwa mara moja. Hilo hukulijua. Usimtie Germano mdomoni tena.

Kuanzia leo sina mjukuu Palma. Usije tarehe 23. Usije nikiumwa, usije nikizikwa. Wakikuuliza, sema bibi yako mchawi, ulimponyoka.

Domingas

(Mimi Sualehe nimeandika kama alivyotamka. Nilimwomba tuiache barua mpaka kesho, akasema niandike au aninyang'anye kalamu. S.)

*

Palma, 28 Julai 2025

Kwa Mwalimu Sualehe.

Mwalimu, assalam aleikum. Mimi ni Flávia, mke wa Leonel. Barua hii naomba umsomee Bibi ndani, mlango umefungwa, na ukimaliza uichome. Unasomesha watoto kitabu cha Mungu, kwa hiyo siri hii naiweka kwako bila kukuapisha.

Bibi, shikamoo. Ni mke mwenzio.

Leonel anaumwa. Tangu mwezi wa tatu. Alitapika damu, damu nyingi, beseni zima, nikampeleka Pemba. Daktari amesema ini limeharibika, limekuwa kama ngozi iliyokauka, na amemwambia mbele yangu: ukinywa tena, hata kidogo, hutarudi hapa kwa miguu. Si bia, si pombe ya mtama, si kitu. Ana dawa anazificha kwenye mfuko wa kimea.

Hakutaka mtu ajue. Anasema nani atanunua bia kwa mtu ambaye bia imemuua ini? Anapika, ananusa, anaweka ulimini kidogo, anatema. Ile ndoo nyekundu uliyoiona, Bibi, niliileta kwanza kwa ajili yake. Ndipo tukasema tufanye siku ya kuonja, kila mtu ateme, asionekane yeye peke yake. Hatukufikiri juu yako. Tulisahau kabisa habari ya kata ya kwanza, mimi na yeye, na yeye alipokumbuka ulikuwa umeshakaa nyuma ya pazia.

Ulipomsogezea ile kata usiku alitoka nayo nje. Alipotoka nyuma ya choo alikuwa analia. Alisema, "Hajawahi kunisogezea kitu nikakataa."

Lakini siyo kwa sababu hiyo naandika. Barua yako ya mwisho ameisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, haitoi. Juzi akashona shati jeupe. Nikamuuliza la nini. Akasema la tarehe 23. Nimepiga magoti, Bibi. Amesema, "Heri ini kuliko lile neno." Atakuja kunywa mpaka chini. Mimi hanisikii.

Anakuogopa wewe tu. Mzuie.

Flávia

*

Quionga, 2 Agosti 2025

Leonel, mjinga wewe.

Mjinga, na baba yako mjinga, na aliyekuzalisha nilikuwa mimi kwa hiyo na mimi nimo.

Beseni la damu! Na mimi niko huku nakutungia matusi, nimekaa kwenye mkeka nachagua neno gani litauma zaidi! Miezi mitano! Unaandika "mwenye baa hanywi akiwa kazini", unaandika Ulaya, unaandika watu thelathini, na karatasi ina nafasi tele ya kuandika "Bibi, naumwa". Maneno mawili. Hata mimi nisiyejua kusoma ningeyajua kwa kuyaangalia.

Unasema barua zangu zinasomwa na kinywa kisicho changu. Kinywa hicho kimekaa hapa kinafuta macho kwa kofia. Kitafunga. Barua ya mkeo imechomwa, nimeuona moshi wake. Flávia usimguse, usimnunie. Amefanya kazi uliyotakiwa kufanya wewe.

Sasa nasema mara moja. Tarehe 23 usikanyage hapa. Ukija na hilo shati jeupe nitalichana ukiwa ndani yake. Ukinyoosha mkono kwenye chungu changu nitakupiga mwiko wa mkono, mbele za wazee, mbele ya Benilde, uende ukasimulie Palma kwamba ulivunjwa kidole na bibi kizee. Yale niliyosema kwamba sina mjukuu, nimeyasema mimi na ninayafuta mimi, hakuna mwingine mwenye haki nayo.

Kunywa dawa. Zitoe kwenye kimea, kimea kina unyevu, zitaharibika.

Jina langu niachie. Limevaliwa miaka sabini na mbili, limeshapigwa na jua, halichuji kwa maneno ya kisimani.

Domingas

*

Palma, 8 Agosti 2025

Bibi,

Flávia hana adabu, na wewe huna haki.

Unaandika jina halichuji. Tuaibo ameniambia. Ameniambia juma lililopita wamekutupia mchanga mlangoni. Ameniambia hata yule kiziwi haji tena, unatwanga kimea peke yako. Ameniambia kuna mzee mmoja amesema matanga yasivunjwe kabisa, kwamba mfiwa achunguzwe kwanza. Kuchunguzwa, Bibi, unajua huku wanachunguzaje bibi vizee. Hukuniandikia hata moja. Na mimi ndiye mficha siri?

Niliyafanya mimi. Sikuyafanya kwa kupenda lakini niliyafanya, kwa vibilauri vyangu na ndoo yangu. Hakuna mwingine wa kuyaondoa. Kata moja haiui. Nimemsoma daktari vizuri, alisema "hutarudi", hakusema siku ile ile. Wataniona nimekunywa, nimesimama, nimecheza na ngoma. Nikianguka nitaangukia Palma, hakuna atakayesema ni wewe.

Usinijibu. Baa nitaifunga tarehe 22, tarehe 23 asubuhi nitakuwa hapo. Kidole vunja, nitanywa kwa mkono mwingine.

Leonel

*

Quionga, 17 Agosti 2025

Leonel,

Ukiisoma hii, pombe imekwisha. Tumevunja matanga jana, Jumamosi, tarehe 16.

Ndiyo. Niliwaambia wazee babu yako amenijia ndotoni, anataka aondoke wiki moja mapema, amechoka kusubiri. Sikuota chochote, nililala kama gogo. Mwalimu anatikisa kichwa hapa kwa uongo huo, namwambia aandike tu. Kimea kilikuwa kimeiva, si unajua mimi huwa naloweka kabla sijasema.

Basi watu walikuja. Walikuja wote, hakuna anayetaka kukosa kuona. Wakakaa mbali na chungu, duara kubwa, unaweza kupitisha lori katikati. Benilde mbele, mikono kifuani. Mwalimu Sualehe naye akaja, akaleta kiti chake na chai yake kwenye chupa, akakaa ubavuni pangu kabisa, kanzu yake na chungu cha pombe vinagusana. Watu wakamshangaa kuliko mimi.

Mzee akauliza, "Mtu wa damu yuko wapi?" Nikasema ana kazi. Basi. Neno la ini halikunitoka, wala halitanitoka. Wakaanza kunong'ona. Nikamwona yule wa kuchunguza anasimama, anakohoa kidogo, anataka kuhutubia.

Nikachukua kata.

Walipoelewa walipiga kelele. "Mama Domingas, kaniki! Kaniki!" Nikasema kaniki naijua, nimekaa nayo miezi kumi, kwani ninyi ndio mnaoifua? Nikachota mpaka juu, nikanywa mpaka chini, nikaipindua kata kichwani kwangu wakaona hakidondoki kitu. Halafu nikakaa. Wakaniangalia, mimi nikawaangalia. Nikawaambia, kama mnasubiri nife, kaeni vizuri, nitawachelewesha.

Hapo mmoja akacheka. Nadhani alikuwa yule kiziwi. Benilde akasimama, akaja na bakuli lake, hakunitazama usoni. Nikamjazia. Akanywa lote, akafuta mdomo, akasema imekolea. Baada yake wakaja kama siafu. Imenywewa mpaka machicha, Leonel, watoto wakagombania sufuria. Babu yako ameondoka kwa ngoma na kwa vigelegele, na yule mzee wa kuchunguza walimbeba kwao.

Yaliyobaki ni yangu. Kaniki hii sasa ni ngozi. Mwezi wa tisa wasichana watatolewa, mimi nitasikia ngoma kutoka uani kwangu, miguu itawasha, nitaikalia. Mke wa Germano nimebaki, mpaka nimfuate. Sikuwa na mchumba. Usije ukajipa mzigo huo nao, nimechagua kwa mkono wangu mwenyewe na nilikuwa na kiu.

Sasa tarehe 23 umeshafunga baa, najua ulivyo mbishi. Njoo na mke mwenzangu. Jogoo nimeshamfunga mguu. Leta na karatasi ya daktari, Mwalimu atanisomea yote, na dawa zako utazinywa mbele yangu. Maji ya kunywa nimekuchemshia.

Njoo na njaa. Huruma iache hukohuko Palma, nikiiona usoni mwako nitaipangusa kwa kofi.

Bibi yako,
Domingas